Mlinzi wa Nyimbo za Kuchekesha

Nyimbo za dini hulindwa na waumini, nyimbo za taifa hulindwa na serikali, na nyimbo za mapenzi hujilinda zenyewe, maana hakuna kizazi kisichopenda. Lakini wimbo wa kuchekesha hulindwa na nani? Huimbwa leo, watu wakashika mbavu. Hurudiwa kesho, watu wakatabasamu. Kesho kutwa husahauliwa, na jina la aliyeutunga likapotea pamoja nao. Watu wengi huona kuwa hiyo ndiyo haki yake. Hudhani kwamba neno lililotungwa kwa mzaha halistahili kutunzwa kwa bidii.

Msomaji, katika insha hii nataka kuipinga dhana hiyo. Nitakueleza habari za kipindi kimoja cha redio cha Marekani kilichojulikana kwa jina la Dr. Demento, kilichoanza mwaka 1970 na kufika mwisho wake mwaka 2025. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutangaza nyimbo za kuchekesha, nyimbo za ajabu, na nyimbo ambazo vituo vingine viliona haya kuzitangaza. Nitakipima kama apasavyo kupima mhakiki. Nitasema wema wake, nitasema makosa yake, kisha nitatafuta sababu ya kuanguka kwake. Maana kilianguka, na sababu yenyewe ni tofauti na ile ambayo watu huitaja kwanza.

Mwenye kipindi hicho ni Barret Hansen, aliyezaliwa Minneapolis mwaka 1941. Tangu ujana wake alikuwa mkusanyaji wa sahani za santuri, hasa zile za kale ambazo watu walizitupa au kuziuza kwa senti chache. Alisoma katika Chuo cha Reed, jimbo la Oregon, kisha akaingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, ambako alichukua shahada ya uzamili katika elimu ya muziki wa mapokeo. Yafaa ulishike jambo hili, msomaji, kwa kuwa ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata. Mtu aliyekuja kuvaa kofia ndefu nyeusi na koti la sherehe, akazungumza redioni kwa sauti ya furaha kama mtoto aliyepewa tamu, alikuwa mwanachuoni. Alijua kila sahani ilitengenezwa mwaka gani, ilipigwa na nani, na ilitoka katika ukoo gani wa muziki.

Mwaka 1970 alianza kutangaza katika kituo cha KPPC, mjini Pasadena, karibu na Los Angeles. Hapo mwanzo hakukusudia kuchekesha mtu. Nia yake ilikuwa kuwapigia watu muziki wa roki wa miaka iliyotangulia, na katikati yake akichomeka wimbo mmoja au miwili ya mzaha, kama mpishi atiavyo pilipili kidogo katika mchuzi. Basi simu zikaanza kulia. Wasikilizaji waliopiga simu hawakuuliza habari za mchuzi, waliulizia pilipili. Hansen akawafuata walikotaka kwenda, na baada ya muda si mrefu nyimbo za mzaha zikakijaza kipindi chote.

Jina lake nalo lilizaliwa kwa mzaha. Siku moja alipiga wimbo wa mwaka 1956 wa mwimbaji aliyejiita Nervous Norvus. Wimbo huo wamhusu dereva mwenye pupa ambaye kila akiendesha motokaa hupata ajali, hupelekwa hospitali kuongezwa damu, huahidi kuacha mwendo wa kasi, kisha hurudia yale yale. Na kila ajali yasikika kwa mlio wa magurudumu na mabati. Mfanyakazi mwenziwe wa kituoni alipousikia alisema kuwa mtu apigaye wimbo wa namna hiyo sharti awe amerukwa na akili. Neno hilo la Kiingereza lenye maana ya kurukwa na akili likageuzwa kidogo, likatiwa udaktari mbele yake, na jina la Dr. Demento likamganda Hansen kwa muda wa miaka hamsini na mitano.

Kutoka KPPC alihamia KMET, kituo cha Los Angeles kilichokuwa na sifa kubwa kwa muziki wa roki, akawa hutangaza jioni ya Jumapili. Tangu mwaka 1974 kipindi chake kilinaswa na kupelekwa katika vituo vya miji mingine, hata kikasikika katika sehemu nyingi za Marekani. Kijana wa mji mdogo, mbali na bahari na mbali na majumba ya tamasha, aliweza kufungua redio Jumapili usiku na kusikia sauti ambazo duka la mji wake halikupata kuziuza.

Sasa na tukitazame kipindi chenyewe kama kazi ya sanaa. Wema wake wa kwanza ulikuwa mpango. Mtu asiyejua hudhani kuwa kupanga nyimbo za mzaha ni kazi nyepesi: waokota yoyote ichekeshayo, waipiga, basi. Jaribu, msomaji, kuwasimulia rafiki zako vichekesho kumi mfululizo vya namna moja. Cha kwanza kitawachekesha sana, cha tatu kidogo, na kufika cha saba watakutazama kwa huruma. Kicheko huchoka upesi kuliko huzuni. Hansen alilijua hilo, na dawa yake ilikuwa kuchanganya zama na tabia. Karibu na wimbo wa vijana wa mwaka ule aliweka sahani ya Spike Jones, kiongozi wa bendi ya miaka ya 1940 aliyetumia bastola, kengele za ng'ombe na honi za motokaa kama ala za muziki, naye akazipiga kwa mizani isiyokosea hata nukta. Mwaka 1942, katikati ya vita, bendi hiyo ilitoa wimbo wa kumdhihaki Hitler, na Wamarekani wakaununua kwa wingi. Msikilizaji wa miaka ya 1970 aliyeusikia kwa mara ya kwanza alicheka; papo hapo akajifunza kuwa dhihaka yaweza kuwa silaha ya watu walio hofuni.

Baada ya Spike Jones huenda akafuata Tom Lehrer, mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepiga piano na kuimba kwa adabu na sauti ya upole mambo yaliyokuwa makali kama wembe: mabomu ya nyuklia, unafiki wa wakubwa, ubaguzi uliojificha nyuma ya tabasamu. Lehrer alikuwa ameacha kuimba hadharani, na kizazi kipya kilikuwa karibu kumsahau. Kipindi cha Hansen kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomrudisha masikioni mwa watu. Mtu aliyekuja kusikiliza upuuzi alijikuta amekaa mbele ya mhakiki wa dola.

Nitakupa mfano mwingine, tuuchungue kwa karibu zaidi, ili uone kuwa wimbo wa mzaha una ufundi wake. Mwaka 1946 mtungaji wa New York aitwaye Benny Bell alitoa wimbo uhusuo sabuni ya kunyolea ndevu. Kila ubeti wasimulia kisa kifupi, na mpango wa vina umejengwa hivi kwamba mwisho wa ubeti msikilizaji hungoja neno chafu. Kina chalitaka, maana yalitaka, na ulimi wa msikilizaji umekwisha kulitayarisha. Mwimbaji afika pale, avuta herufi ya kwanza ya neno lile, kisha ataja sabuni ya kunyolea. Neno chafu halikusemwa na mtu. Lilisemwa na msikilizaji moyoni mwake. Basi ni nani mwenye kosa? Hapo ndipo kicheko kizaliwapo: msikilizaji amekamatwa na mali ya wizi mkononi, naye mwimbaji amesimama kando, safi kama aliyetoka kuoga. Mshairi yeyote ajuaye nguvu ya kina atakubali kuwa huo ni ufundi wa kweli. Walakini kwa muda wa karibu miaka thelathini wimbo huo ulikuwa umelala. Ulipoanza kuchezwa tena redioni, Hansen akiwa miongoni mwa walioucheza, ulitolewa upya, na mwaka 1975 ukapanda hadi nafasi ya 30 katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani. Bell alikuwa mzee wa miaka sitini na tisa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Habari ya Benny Bell yatuonyesha mpaka wa methali hiyo. Wimbo wake ulikuwa mzuri mwaka 1946, ulikuwa mzuri mwaka 1960, nao haukujiuza. Ulihitaji mtu wa kuutoa kabatini, kuufuta vumbi, na kuwaambia watu: sikilizeni.

Wema wa pili wa kipindi ulikuwa heshima. Usishangae, msomaji, kulisikia neno hili katika habari za mzaha. Hansen hakumcheka mwimbaji. Alicheka pamoja naye. Kabla ya kupiga sahani, au baada yake, alitaja jina la mtungaji, mwaka wa kutolewa kwake, na pengine kisa cha kutengenezwa kwake, kwa uangalifu ule ule ambao mtangazaji mwingine angeutumia kueleza muziki wa Beethoven. Wimbo wa kufungulia kipindi ulikuwa wa miaka ya 1940 na haukuwa na maana kubwa kuliko kutaja majina ya njia za Los Angeles. Hata huo aliutunza. Mwenye kusikiliza kwa miaka miwili au mitatu alitoka akiwa na elimu ya historia ya muziki, bila ya kujua ni lini alipofundishwa.

Wema wa tatu, nao kwangu ndio mkubwa, ulikuwa mlango. Kipindi hiki kilikuwa na mlango uliokaa wazi kwa wanafunzi wa sanaa. Watu walimpelekea Hansen tepu walizozinasa wenyewe nyumbani, naye alizisikiliza. Mwaka 1976 alifika katika shule moja kuzungumza na wanafunzi. Mvulana wa miaka kumi na sita alimpa tepu aliyoinasa chumbani kwake, akiimba na kupiga akodiani, kile kinanda kikunjwacho na kukunjuliwa kifuani. Wimbo wenyewe ulihusu motokaa ya wazazi wake. Kwa kipimo cha studio kubwa, tepu ile ilikuwa duni. Kituo kingine kingeitupa kapuni. Hansen alisikia kitu ndani yake, akaitangaza. Mvulana huyo alikuwa Alfred Yankovic, ajulikanaye leo duniani kwa jina la "Weird Al".

Yankovic akaendelea kusoma. Chuoni alijifunza kuchora ramani za majengo. Mwaka 1979 alinasa wimbo mwingine ndani ya choo kilichokuwa mkabala na kituo cha redio cha chuo chake, kwa kuwa vigae vya chooni huipa sauti mwangwi mzuri. Tarehe 14 Septemba 1980 alifika katika studio ya Hansen akaimba papo kwa papo wimbo wa kuiga wimbo mashuhuri wa wakati ule, akieleza taabu ya kusongamana ndani ya basi. Kijana aliyekutana naye siku ile ile, Jon Schwartz, alimpigia ngoma kwa kuligonga sanduku la akodiani. Schwartz akawa mpiga ngoma wake tangu siku hiyo. Mwaka 1984 wimbo wa Yankovic wa kuigiza ulifika nafasi ya 12 katika orodha ya Marekani, na kijana wa tepu duni akawa bingwa wa fani yake.

Fani hiyo ni kuchukua wimbo wa mtu, kushika sauti yake, na kubadili maneno yake kwa mzaha. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali ili kuielewa, maana twaujua utani. Mtani aweza kumwambia mtani wake maneno ambayo mtu mwingine akiyasema huzuka ugomvi. Lakini utani una ruhusa yake na mipaka yake. Asiye mtani wako humtanii. Yankovic ameishika kanuni iliyo jirani na hiyo: huwaomba idhini wenye nyimbo kabla ya kuziiga, ijapokuwa wako wasemao kuwa sheria ya nchi yake haimlazimishi kufanya hivyo. Mwanamuziki Prince alikataa mara kwa mara, na Yankovic hakuziiga nyimbo zake. Aliyefundwa katika nyumba ya heshima alitoka na heshima.

Hiyo ndiyo mizani ya wema. Sasa na tutazame upande wa pili, kwa sababu mhakiki asemaye wema peke yake huwa mpiga debe.

Kosa la kwanza ni hili. Wahenga wetu walisema: cheka uchafu, usicheke kilema. Uchafu ni jambo la mtu mwenyewe. Akitaka aweza kunawa. Kilema hakukitaka, wala hawezi kukivua. Jina la kipindi lilisimama juu ya wazimu, na wasikilizaji wake walijiita kwa majina ya wazimu. Mtu ajiitaye mwenye wazimu kwa sababu apenda muziki wa ajabu ajicheka mwenyewe, na hilo halimdhuru mtu. Lakini mojawapo ya nyimbo zilizopendwa sana katika kipindi ulikuwa ule wa mwaka 1966 wa Jerry Samuels, aliyejiita Napoleon XIV. Humo mtu aliyeachwa na ampendaye aeleza, kwa sauti izidiyo kupanda, jinsi wanavyokuja kumchukua kumpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Ulipotoka ulifika nafasi ya tatu katika orodha ya Marekani. Kisha vituo vingi viliacha kuupiga kwa malalamiko ya watu walioona kuwa wadhihaki wagonjwa. Ufundi wake haukanushiki. Hata hivyo kicheko chake kina mtu chini yake, na mtu huyo amelala kitandani mwa hospitali. Naona kuwa walalamikaji walikuwa na haki, na kwamba mlinzi mwenye elimu kama ya Hansen angaliweza kulisema jambo hilo kwa uwazi zaidi kila alipoipiga sahani ile. Kulinda kitu cha kale hakumaanishi kukificha kisiulizwe.

Kosa la pili lilitokana na mafanikio. Kila wiki kipindi kilikuwa na hesabu ya nyimbo tano zilizoombwa zaidi na wasikilizaji. Desturi hiyo ilileta furaha na mashindano, na kijana mwenye simu alijiona ana kura. Lakini kura za wengi hurudi pale pale. Wimbo uhusuo vichwa vya samaki, wa watu wawili waliojiita Barnes & Barnes, uliombwa kuliko nyimbo zote katika historia ya kipindi. Ni wimbo wa ajabu kweli, na aliyeusikia mara moja hausahau. Seuze aliyeusikia mara mia? Ajabu irudiwayo kila mara huwa mazoea, na mazoea ndiyo adui wa kicheko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; katika habari hii mgema hakulitia maji, bali wanywaji walikataa kuonja mtungi mwingine.

Makosa hayo mawili ni ya kweli. Lakini hayakukiua kipindi, maana kiliishi nayo miongo mingi. Basi kiliuawa na nini?

Jibu lisemwalo upesi ni kwamba watu walichoka na nyimbo za mzaha. Jibu hilo haliwezi kuwa kweli, na ushahidi ni huu. Mwezi wa Julai 2014, Yankovic, mwanafunzi yule yule wa akodiani, alitoa albamu iliyoingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya orodha ya albamu za Marekani. Haikuwa imetokea kwa albamu ya vichekesho kushika nafasi ya kwanza tangu ile ya Allan Sherman mwaka 1963. Watu waliochoka na mzaha hawaupandishi juu ya kila kitu. Lakini tazama tarehe. Mwezi wa Juni 2010, miaka minne kabla ya ushindi huo, kipindi cha Dr. Demento kilikuwa kimekoma kupelekwa katika vituo vya redio. Tena mwaka mmoja tu kabla ya kukoma, mwaka 2009, Hansen alikuwa ametiwa katika orodha ya heshima ya watangazaji mashuhuri wa Marekani. Mti ulikauka ilhali matunda yake yapanda bei sokoni, na mwenye shamba ametoka kupewa nishani. Hilo ndilo fumbo la kulifumbua.

Sababu ya kwanza ni kubadilika kwa vituo. KMET yenyewe, nyumba iliyokilea kipindi, ilifungwa tarehe 14 Februari 1987. Masafa yake yakapewa kituo kipya chenye muziki laini wa kutuliza akili, na jina la zamani likafa. Kisha mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya mawasiliano iliyoondoa ukomo wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja yaweza kumiliki katika nchi nzima. Kabla yake ukomo ulikuwa makumi machache. Baada yake kampuni moja ilifikia vituo zaidi ya 1,000. Mwenye vituo elfu hupenda mpango mmoja ufaao kote. Kipindi cha mzaha hakina tabia moja: kina roki, kina nyimbo za vita, kina piano ya mwalimu wa hesabu, kina sauti za samaki. Meneja wa kituo ambaye zamani angeliamua peke yake kuwapa watu wa mji wake saa mbili za upuuzi kila Jumapili alizidi kukosa nguvu ya kuamua.

Sababu ya pili ni kwisha kwa uhaba. Kipindi kilisimama juu ya kabati la mtu mmoja. Mradi sahani zile hazikupatikana penginepo, msikilizaji alikuwa hana budi kumngoja mwenye kabati. Intaneti ilipoenea, na hasa baada ya YouTube kufunguliwa mwaka 2005, kila kijana akapata kabati lake mfukoni. Mwimbaji mchanga naye hakuhitaji tena kumkabidhi mtu tepu. Aliweza kujitangaza mwenyewe kabla ya wali kuiva jikoni. Hansen alijaribu kuufuata wakati: tangu kipindi kilipokoma redioni mwaka 2010 alikitoa kwa intaneti kila wiki, na wapenzi wake wakalipa fedha ili wasikilize. Aliendelea hivyo miaka kumi na mitano, hata mwaka 2025 akatangaza kustaafu, na mwezi wa Oktoba mwaka huo, kipindi kilipotimiza miaka hamsini na mitano, akaifunga kazi yake. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Tom Lehrer alifariki akiwa na umri wa miaka tisini na saba.

Ukizipima sababu hizo utaona kuwa kipindi hakikushindwa. Kazi yake ya kupatikanisha nyimbo ilifanywa na mashine kwa upesi zaidi na kwa bei ndogo zaidi. Mtu aweza kuuliza, basi tulilie nini? Kila sahani aliyoitoa kabatini yaweza kupatikana leo bila kungojwa. Mvulana wa akodiani wa leo hahitaji ruhusa ya daktari yeyote. Je, si heri hivyo?

Hapa, msomaji, ndipo ninapoomba tutengane na haraka. Kipindi kilitoa vitu viwili ambavyo mashine haijavitoa. Cha kwanza ni jirani usiyemchagua. Kijana aliyepiga simu kuomba wimbo wa vichwa vya samaki hakuupata mara moja. Alingoja. Na katika kungoja kwake alisikia sahani ya mwaka 1942, akasikia shairi la mwalimu wa hesabu, akasikia mzee wa New York na sabuni yake. Hakuviomba, na kama angeliulizwa angelivikataa. Lakini vilimpata amekaa, vikaingia. Mashine ya leo humpa mtu kifananacho na alichokipenda jana. Kijana wa vichwa vya samaki hupewa vichwa vya samaki vingine, kisha vingine, mpaka ashibe na achoke, wala asijue kuwa chumba cha pili kilikuwa na karamu.

Kitu cha pili ni mtu wa kukuambia "nimekusikia". Yankovic alipotangazwa mwaka 1976 alipata zaidi ya wasikilizaji. Mtu mzima mwenye elimu, aliyesikiliza maelfu ya sahani, aliichukua kazi ya mtoto akaiweka katika safu moja na Spike Jones. Hiyo ni hukumu, na ni hukumu ya namna ambayo humjenga mtu. Idadi ya watazamaji iandikwayo chini ya picha yaweza kumwambia mwimbaji ni wangapi waliopita mlangoni; haiwezi kumwambia kazi yake ni ya ukoo gani, wala ni wapi ilipopungua. Penye miti hakuna wajenzi. Leo miti ni mingi kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kipindi hiki ni kwamba kilikuwa kazi kubwa iliyovaa nguo za mzaha. Makosa yake yalikuwa ya kuwasahau wanyonge nyakati fulani na ya kuwatii mno wengi. Wema wake ulikuwa kushika jambo dogo kwa mikono miwili. Na sababu ya kuanguka kwake yatufundisha kuwa watu huchanganya vitu viwili: kupata wimbo na kukaribishwa kwenye wimbo. Walipopata cha kwanza walidhani kuwa cha pili hakina kazi tena, wakamwacha mwenyeji aondoke.

Nakuachia wajibu mmoja, nao si mzito. Katika mtaa wenu, au katika kijiji cha babu yako, yuko mtu ajuaye wimbo wa kuchekesha ambao haujapata kuandikwa wala kunaswa. Pengine ni wimbo wa kumdhihaki mnyapara wa zamani, au wa kumsema mlevi, au wa watoto kumkejeli mvivu. Mwendee. Muulize wimbo huo ulitungwa na nani, wakati gani, na watu walicheka mahali gani. Yaandike majibu yake pamoja na jina lake na tarehe ya siku hiyo. Kisha, ukimaliza kucheka, muulize kama uko mwingine.